Yuda, ndugu aliyeuza: uchambuzi wa kisa

Kisa cha Yusufu kikihubiriwa, macho yote humwendea Yusufu mwenyewe: kanzu yake, ndoto zake, gereza lake, cheo chake Misri. Ndugu zake kumi hubaki nyuma kama kundi moja la watu wenye wivu. Hata waliokijua kisa hiki kupitia Sura ya Yusuf katika Qur'ani wamemkuta pale msemaji mmoja asiyetajwa jina, akishauri kijana asiuawe bali atumbukizwe kisimani. Kitabu cha Mwanzo kinataja majina, tena kinatofautisha. Aliyeshauri shimo ni Reubeni. Aliyeshauri mauzo ni Yuda.

Huyu Yuda ndiye ninayetaka tumtazame. Ni mtoto wa nne wa Yakobo kwa mkewe Lea. Yeye ndiye aliyesema Yusufu auzwe, na miaka 22 baadaye yeye ndiye aliyesimama mbele ya Yusufu huyo huyo, bila kumtambua, akaomba afanywe mtumwa badala ya mdogo wao, Benyamini. (Hesabu ni hii: Yusufu alikuwa na miaka 17 mambo yalipoanza na 30 aliposimama mbele ya Farao, kisha ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa.) Mtu yule yule, mara mbili, mbele ya mtoto wa Raheli, mke kipenzi wa Yakobo, na hatima ya mtoto huyo iko mikononi mwa Yuda. Mara ya kwanza aliuza, mara ya pili akajitoa. Nini kilitokea katikati?

Nyumba ya Yakobo

Tuanze na baba, maana ugomvi huu haukuanzia kwa watoto. Yakobo alimpenda Raheli, akamtumikia mjomba wake Labani miaka 7 ili ampate, na usiku wa arusi akaingiziwa Lea, dada mkubwa. Akatumikia miaka 7 mingine kwa ajili ya Raheli. Lea alijua fika kwamba hapendwi. Alipomzaa Reubeni alisema sasa mume wangu atanipenda. Alipomzaa Lawi alisema safari hii mume wangu ataungana nami. Kwa Yuda, wa nne, hakumtaja mume tena. Alimsifu Mungu tu.

Kuna siku moja katika sura ya 33 ambayo naona inaeleza mengi kuliko ile kanzu. Yakobo anarudi kwao na anakwenda kukutana na Esau, kaka yake ambaye yeye Yakobo alimdhulumu baraka, na Esau anakuja na watu 400. Yakobo anaogopa mauaji, kwa hiyo anaipanga familia yake kwa mstari. Mbele kabisa anawaweka wajakazi wawili waliomzalia watoto, Zilpa na Bilha, pamoja na watoto wao. Nyuma yao Lea na watoto wake. Mwisho kabisa, mahali salama zaidi, Raheli na Yusufu. Yuda bado ni mtoto siku hiyo, lakini mtoto anajua kusoma mstari. Anaona nani ataanza kuuawa na nani atapata nafasi ya kukimbia. Bahati nzuri Esau alimkumbatia ndugu yake na upanga haukutoka, lakini kila mtu alikuwa ameshaona amepangwa wapi.

Baadaye Raheli akafa njiani karibu na Efrathi akimzaa Benyamini, na mapenzi yote ya Yakobo yakawaangukia watoto wawili wa Raheli, Yusufu na Benyamini. Ikaja kanzu, zawadi ya Yakobo kwa Yusufu. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Shabati, inamlaumu baba waziwazi: mtu asimtofautishe mtoto mmoja na wenzake, kwani kwa ajili ya sufu yenye uzito wa sela mbili (sarafu za kale) ambayo Yakobo alimzidishia Yusufu, ndugu zake walimwonea wivu, na mambo yakaendelea hadi baba zetu wakashuka Misri. Naye Yusufu hakusaidia. Alipeleka kwa baba habari mbaya za ndugu zake, akawasimulia ndoto ya miganda iliyouinamia mganda wake, na hakukoma hapo, akaleta na ya jua, mwezi na nyota 11. Kijana wa miaka 17 anayependwa kupita kiasi hajui kuogopa.

Jambo moja zaidi kuhusu nyumba hii. Wakubwa watatu wa Lea walikuwa wamejiharibia. Reubeni, kifungua mimba, alilala na Bilha, suria wa baba yake. Simeoni na Lawi waliwaua wanaume wa mji wa Shekemu kwa hila ili kulipiza unajisi wa dada yao Dina. Aliyebaki bila doa kwenye mstari wa ukubwa ni wa nne, Yuda. Sauti yake ilikuwa na uzito kwa ndugu zake, na hili linafanya alichokisema mahali paitwapo Dothani kiwe kizito zaidi.

Dothani

Yakobo alimtuma Yusufu peke yake kutoka bonde la Hebroni hadi Shekemu, karibu kilomita 80 kaskazini, akawajulie hali ndugu zake waliokuwa wakichunga. Ndugu wasioweza hata kumsalimia kwa amani. Naye akaenda amevaa ile kanzu. Hakuwakuta Shekemu, mtu mmoja akamkuta akitangatanga kondeni, akamwelekeza Dothani, mbele zaidi, kwenye njia ya misafara itokayo Gileadi kwenda Misri. Wakamwona kwa mbali, wakaanza kupanga kumwua kabla hajawakaribia.

Reubeni akazuia damu isimwagwe. Akasema atupwe tu katika shimo la kutunzia maji, akikusudia kurudi kumtoa na kumpeleka kwa baba. Wakamvua kanzu, wakamtupa. Shimo lilikuwa tupu, halina maji. Kisha wakaketi kula chakula. Sijui sentensi nyingine katika Mwanzo inayonikaba koo kama hiyo. Wakiwa wanakula wakainua macho, wakaona msafara wa Waishmaeli na ngamia zao wamebeba manukato, zeri na manemane. Hapo ndipo Yuda alipofungua kinywa.

Hoja yake ilikuwa fupi. Tutapata faida gani tukimwua ndugu yetu na kuificha damu yake? Tumwuze, mikono yetu isimguse, kwa maana yeye ni ndugu yetu, nyama yetu. Ndugu zake wakakubali. Itazame hoja hiyo kwa ukaribu: neno la kwanza ni faida, na la mwisho ni udugu. Anamwita ndugu mara mbili ndani ya pendekezo lile lile la kumtia sokoni. Inawezekana kabisa kwamba aliokoa maisha. Wenzake walikuwa na hasira, na shimo kavu lingemwua taratibu. Sitaki kumnyima sifa hiyo. Lakini Yuda hakusema tumrudishe nyumbani, na mtu aliyeweza kuwageuza ndugu kutoka kwenye mauaji hadi kwenye biashara kwa sentensi mbili alikuwa na uwezo wa kujaribu kuwageuza hadi mwisho. Alichokitafuta ni namna ya kumwondoa mshindani bila kuichafua mikono, na kupata kitu juu yake. Bei ilikuwa vipande 20 vya fedha, kiasi kile kile ambacho kitabu cha Walawi, sura ya 27, kinakiweka kwa mtu wa kiume mwenye umri kati ya miaka 5 na 20 katika mambo ya nadhiri.

Hapa pana fundo la kimaandishi. Andiko linataja Waishmaeli na Wamidiani kwa mpigo, na haliko wazi ni nani hasa aliyemtoa Yusufu shimoni. Rashbam, mfasiri wa Kiyahudi wa Ufaransa wa karne ya 12, alisoma kwamba Wamidiani walipita, wakamtoa na kumwuza wao wenyewe, huku ndugu wakiwa mbali wanakula. Watafiti wa karne za karibuni wanaona hapa mapokeo mawili yaliyounganishwa. Kwa uchambuzi wetu halibadilishi sana. Yuda alipendekeza, ndugu wakaafiki, na Yusufu mwenyewe baadaye atawaambia usoni kwamba mliniuza.

Tena sura ya 37 haisemi lolote kuhusu kilio. Yusufu anavuliwa, anatupwa, anauzwa, na msimuliaji hamwachii hata neno moja. Lazima tusubiri hadi sura ya 42, ndugu wakiwa wamebanwa Misri, ndipo wao wenyewe wanaambiana kwamba wana hatia, waliiona dhiki ya nafsi yake alipowasihi nao hawakumsikiliza. Kumbe alisihi. Kumbe walimsikia wakati wanakula, na kilio hicho kiliendelea ndani yao miaka yote hiyo bila mtu kukitaja.

Kanzu ikachovywa katika damu ya mbuzi na kupelekwa kwa baba, aitazame kama ni ya mwanawe. Yakobo, ambaye ujanani alimdanganya baba yake kipofu kwa ngozi za wana-mbuzi na mavazi ya kaka yake, sasa anadanganywa kwa mbuzi na vazi. Akakataa kufarijiwa. Na waliosimama kumfariji ni wanawe, wale wale.

Yuda anaondoka

Sura ya 38 inaanza kwa kusema wakati huo Yuda alishuka akawaacha ndugu zake. Wahubiri wengi huiruka, kwa sababu ya yaliyomo na kwa sababu inaonekana kukatiza habari za Yusufu. Mimi naona bila sura hii Yuda wa baadaye haeleweki kabisa.

Alioa binti wa Shua, Mkanaani, akapata wana watatu: Eri, Onani na Shela. Akamwoza Eri mke aitwaye Tamari. Eri akafa. Kwa desturi yao Onani alipaswa kumrithi mjane ili kaka yake apate uzao, lakini kwa kuwa mtoto asingehesabiwa kuwa wake, alihakikisha mimba haipatikani. Ushindani wa ndugu umeingia sasa ndani ya nyumba ya Yuda mwenyewe, tena dhidi ya ndugu aliyekwisha kufa. Onani naye akafa. Amebaki Shela, kitinda mimba. Yuda akamwambia Tamari arudi kwa baba yake akangoje hadi Shela akue, huku moyoni ameazimia asimtoe, asije naye akafa kama kaka zake.

Baba aliyezika watoto wawili anamng'ang'ania wa mwisho. Ndicho hasa Yakobo atakachomfanyia Benyamini. Yuda alimsababishia baba yake msiba huo bila kuujua uzito wake. Sasa anaujua.

Mengine yanafahamika. Mke wa Yuda akafa. Baada ya kufarijika akapanda Timna kwenye ukataji wa manyoya ya kondoo. Tamari, aliyeona Shela amekua na yeye hajapewa, akavua nguo za ujane, akajifunika shela usoni, akaketi njiani. Yuda akamdhania kahaba. Akaahidi kumpelekea mwana-mbuzi, na Tamari akataka rehani: pete ya muhuri, kamba yake, na fimbo aliyoishika. Alipompeleka rafiki yake Hira na yule mbuzi, mwanamke hakuonekana, na Yuda akaamua aviache tu wasije wakachekwa.

Baada ya miezi mitatu akaambiwa mkweo ana mimba ya ukahaba. Akatoa hukumu pale pale: mtoeni nje achomwe moto. Tamari hakupiga kelele wala hakulitaja jina lake mbele ya watu. Alituma vile vitu na ujumbe: mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba hii, tazama uvitambue. Yuda aliwahi kushiriki kupeleka nguo kwa baba yake na kumtaka aitambue. Leo kitu kimeletwa mbele yake, naye anatakiwa kutambua.

Angeweza kunyamaza. Kisheria alikuwa mwamuzi, mwanamke alikuwa anapelekwa kufa, na siri ingekufa naye. Badala yake akasema mbele ya watu kwamba Tamari ana haki kuliko yeye, kwa sababu hakumpa Shela. Ni mara ya kwanza katika nyumba yote ya Yakobo mtu anakiri kosa lake waziwazi bila kumsukumia mwingine. Hapa, naamini, ndipo Yuda alipogeuka, kabla hajaikanyaga Misri.

Kikombe

Njaa ikaingia. Ndugu kumi walikwenda Misri kununua nafaka, wakarudi tisa. Mtawala wa kule, ambaye hawakumtambua kuwa ni Yusufu, alimfunga Simeoni na kusema wasionekane tena bila mdogo wao. Yakobo akakataa kumtoa Benyamini. Reubeni akajaribu kwanza: akamwambia baba, nisipomrudisha, waue wanangu wawili. Hebu fikiri. Unamwambia mzee aliyepoteza mtoto kwamba akipoteza mwingine atafidiwa kwa kuua wajukuu zake. Yakobo alikataa papo hapo.

Yuda alisubiri hadi chakula kikaisha ndani, kisha akazungumza na baba kama mtu anayejua hofu yake. Hakuweka rehani watoto wa mtu. Akasema mimi ni mdhamini wake, mnidai mimi. Nisipomrudisha, lawama iwe juu yangu siku zote. Yakobo akakubali. Akawafungia zawadi ya kumpelekea mtawala: zeri kidogo, asali, manukato, manemane, njugu na lozi. Karibu shehena ile ile ya Waishmaeli, njia ile ile ya kwenda Misri, na mtoto wa Raheli kati yao.

Misri, Yusufu akawakalisha mezani kwa kufuata umri wao, na sahani ya Benyamini ikapakuliwa mara tano kuliko za wengine. Alikuwa anauchokonoa ule upendeleo makusudi, aone watafanya nini. Kisha kikombe chake cha fedha kikafichwa katika gunia la Benyamini. Waliposimamishwa njiani na kikapatikana, hukumu ilikuwa rahisi: mwenye kikombe abaki mtumwa, wengine mwende kwa amani kwa baba yenu. Kila kitu cha Dothani kimerudi. Mtoto kipenzi, mtumwa Misri, kaka zake huru na chakula mkononi, na safari hii hata uongo hauhitajiki, kwa kuwa wangemwambia baba kilichotokea mbele ya macho yao.

Yuda akamkaribia. Hotuba yake, sura ya 44 aya ya 18 hadi 34, ni miongoni mwa ndefu zaidi katika Mwanzo, na karibu yote inamhusu baba: baba yetu mzee, baba yetu alisema, roho yake imefungwa na roho ya kijana huyu. Ndani yake kuna sentensi ninayoiona kuwa kilele cha kisa chote. Yuda anamnukuu Yakobo akisema: ninyi mnajua ya kuwa mke wangu alinizalia wana wawili.

Mke wangu. Wana wawili. Anayeyasema maneno haya ni mtoto wa Lea. Kinywani mwa baba yake, mama yake hakuwa mke wa kutajwa, na yeye na ndugu zake hawakuhesabiwa. Yuda anayarudia mbele ya mgeni bila kulalamika, bila kusahihisha, kama hoja ya kumtetea Benyamini. Anasema kwa maana nyingine: baba yangu anampenda huyu kuliko sisi, na kwa sababu hiyo nichukueni mimi. Kilichowahi kuwa sababu ya kumwuza ndugu kimekuwa sababu ya kumkomboa.

Yakobo hakubadilika hata kidogo. Hakuwaomba radhi wana wa Lea, hakuwagawia mapenzi sawasawa, na Benyamini alibaki yai lake. Watu wengi huahirisha amani na ndugu zao wakisubiri mzazi akiri kwamba alikosea, na wengine mzazi anafariki wakiwa bado wanasubiri. Yuda aliacha kusubiri. Sisemi upendeleo wa Yakobo ulikuwa haki; ulikuwa dhuluma tangu siku ya ule mstari mbele ya Esau. Nasema Yuda alikataa deni la baba lilipwe na Benyamini.

Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyefia Misri mwaka 1204, aliandika kwamba toba kamili ni pale mtu anapokutana tena na jambo lile lile alilokosea, ana uwezo wa kulifanya, naye haligusi kwa sababu ametubu. Hakumtaja Yuda mahali hapo, lakini sijui mfano unaotimia kuliko huu.

Yaliyobaki

Yusufu hakuweza kujizuia. Akawatoa Wamisri nje, akalia kwa sauti, akajitambulisha. Yakobo akashuka Misri, akimtanguliza Yuda amwonyeshe njia ya Gosheni. Akaishi huko miaka 17, akafa na miaka 147.

Na mara baba alipozikwa, hofu ikarudi. Ndugu wakamtumia Yusufu ujumbe kwamba baba aliagiza kabla hajafa awasamehe. Hakuna mahali popote Yakobo anaonekana akitoa agizo hilo, yaelekea walilitunga. Miaka 17 ya kulishwa na Yusufu, na bado hawakuamini kwamba amewasamehe. Yusufu akalia aliposikia. Kilichouzwa kwa vipande 20 hakikurudi kizima hata baada ya kusamehewa, na andiko halijaribu kutuficha hilo.

Wazao wao nao waliendelea kuvutana. Baada ya Sulemani, karibu mwaka 930 kabla ya Kristo, ufalme ulipasuka: Yeroboamu wa kabila la Efraimu mwana wa Yusufu akachukua kaskazini, nyumba ya Daudi, wazao wa Yuda kwa Tamari, ikabaki na kusini. Wafalme wa Kwanza sura ya 12 inasema Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alipokusanya jeshi lake Yerusalemu, kabila lililosimama pamoja na Yuda lilikuwa la Benyamini. Kaskazini ikaanguka kwa Waashuru mwaka 722, kusini kwa Wababeli mwaka 586. Huko uhamishoni Babeli nabii Ezekieli aliagizwa atwae vijiti viwili, kimoja akiandike Yuda na kingine Yusufu, aviunganishe viwe kimoja mkononi mwake. Kila mwaka masinagogi yanaposoma Torati na kufikia pale Yuda anapomkaribia Yusufu kumwombea Benyamini, somo la manabii linaloambatanishwa nalo ni hilo la vijiti viwili.